Herufi Kumi na Tatu

Mtendaji alinipa barua, ndoo ya chokaa na siku tisa:
hakiki majina ya mnara kabla ya Julai ishirini na tano.
Kulikuwa na lalamiko. Bibi Ng'walu Kasanzu,
ambaye mwanawe ni wa tatu kutoka juu,
alikuja ofisini, akalaza fimbo juu ya mafaili yangu:
"Wa nane simjui. Walipopanda lori kwenda Kagera
niliwahesabu kwa vidole vyote na kidole kimoja cha mguu.
Ukuta wenu una kumi na wawili."

LUPONYA GAMAYA.
Jina lenye ponya ndani yake.

Nikaandika kikosini. Jibu likaja na mhuri wa zambarau:
jina tajwa halimo.
Daftari la mgambo limeliwa na mchwa kuanzia M,
lakini G ilikuwa nzima, na humo hamna.
Nikadandia lori la dagaa hadi Mwanza mjini,
masijala, ghorofa ya chini, ambako feni inazunguka
kama mtu anayewaza kuacha kazi,
na ndani ya jalada la Ujenzi wa Mnara, Kayenze,
nikakuta stakabadhi ya fundi:
herufi mia moja arobaini na tatu,
shilingi moja kila herufi,
nimepokea, Machibya Gamaya.

Nikarudi nikahesabu ukutani, kidole juu ya saruji,
watoto wa shule wakinicheka kwa nyuma.
Mia moja hamsini na sita.
Nikahesabu tena kuanzia chini.
Zilizozidi ni kumi na tatu. Hesabu nawe jina lile.

Fundi alishakufa. Binti yake, Nyanzobe,
alikuwa mwaloni akianika dagaa, hakuinua kichwa.
"Baba mdogo huyo. Kipindupindu. Mwaka uleule.
Wa vitani walipigiwa ngoma, wakachinjiwa.
Huyu walimbeba usiku ndani ya turubai,
godoro likachomwa, matanga yakapigwa marufuku,
hata kilio tuliambiwa tulilie ndani.
Sasa baba alikuwa na patasi."
Akageuza dagaa upande wa pili.
"Saruji ya mstari ule alinunua mwenyewe."

Zahanati bado wana daftari la mwaka huo.
Luponya G., miaka 19. Anatapika tangu asubuhi.
Chini yake, saa nane usiku, mwandiko wa mtu mwingine,
neno moja tu: Chokaa.

Nilimsomea Bibi Ng'walu yote.
Alinyamaza hadi mtumbwi uliokuwa ukiingia
ukafungwa kamba, ukashushwa samaki.
"Mwanangu alirudi ndani ya barua," akasema.
"Hata unyayo wake sikuuzika.
Asilazwe na aliyekufa kwa tumbo. Mtoe."
Ana haki. Nimeandika hivyo kwenye ripoti: ana haki.

Jana nikaanza kupaka.
Mistari saba ya juu imefifia kama makovu ya ndui;
fundi aliichimba kwa mwendo wa kulipwa.
Wa nane, kidole kinazama hadi kwenye kucha.
Kipofu angemsoma.
Nikachovya brashi, nikainua mkono,
ndipo nikakumbuka ndani ya ndoo mna nini.

Ukuta sasa ni mweupe wote
isipokuwa upana wa kiganja, saruji tupu, ya kijivu,
ambayo mkuu wa wilaya ataiuliza.
Bibi Ng'walu amepita mara mbili tangu asubuhi.
Mara ya pili alisimama, akaegemea fimbo,
midomo ikicheza; labda alikuwa anahesabu.

Ripoti ingali mezani.
Pale palipoandikwa Pendekezo
nimejaza tarehe.