Kiwiko cha Daraja

Kabla ya chuma palikuwa na gogo la mkaratusi,
limechongwa upande wa juu tu,
na Okwir mwishoni mwake na kopo la rangi:
shilingi hamsini kwenda,
kurudi bure kama hukubeba kitu.
Mvua ya Aprili ikalichukua gogo, ikachukua kopo.
Okwir akabaki na ukingo.

Zikaja reli mbili, zilikotoka hatukuulizana,
na mbao juu yake, zimefungwa kwa waya.
Usiku mbao ziligeuka kuni.
Asubuhi Namuwongo nzima ilivuka kwa reli,
guu huku, guu kule,
kama mtu anayepima kitanda kwa hatua.

Mwaka wa mafuriko, watu wa Jiji
wakanipa penseli, daftari, kiti cha plastiki.
Hesabu wanaovuka, wakasema.
Nikahesabu siku tisa,
kila watano nikiwafunga kwa mstari wa mshazari.
Daftari halikuwa na safu
ya mwanamke mwenye godoro kichwani,
wala ya baba aliyebeba mtoto aliyefunikwa uso
kwa shuka ya maua.
Hao nikawaandika pembeni.

Mhandisi Nabwami alisoma pembeni.
Ndiyo maana upana ni mita mbili na robo:
alilaza magodoro mawili sakafuni mwa ofisi,
akasema, Wapishane bila kugombana.
Ndiyo maana hakuna ngazi bali mteremko,
kwa ajili ya Ssekitto fundi saa
na kigari chake cha kuzungusha kwa mikono.
Na sakafu ni wavu wa chuma,
ili maji yakipanda yakose pa kushika.
(Wenye visigino wanalalamika hadi leo.)

Mchoro ulikuwa umenyooka kama uzi wa mwashi.
Ng'ambo ukaangukia kibanja cha Nalugwa,
jiko lake, mfenesi wake, kamba yake ya kuanikia.
Wakaja na fidia, wakaja na diwani, wakaja na barua.
Akasema, Daraja livuke maji. Mimi halinivuki.
Miezi mitatu.
Kisha Nabwami akachukua kifutio,
na daraja likakunja mkono
nyuzi kumi na saba.

Penye kiwiko ulihitajika mguu, ndani ya mfereji.
Mguu hunasa chupa, kandambili, mifuko,
siku moja mlango mzima na kufuli lake.
Kila Jumamosi natelemka na reki. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa.

Nalugwa alihamia Luweero kwa binti yake.
Mfenesi ukakatwa; pana ghala la saruji.
Sasa lingeweza kunyooka,
lakini nani atanyoosha chuma kilichopoa?

Wageni hufika katikati, wakapunguza mwendo,
wakaniita kutoka juu: Mzee, mbona pamepinda?
Naegemea reki yangu.
Hapo, nawaambia, palisimama hapana.