Sahani Ndogo

Meza ilikuwa fupi kwa magoti yetu,
wanawake watano wa timu ya netiboli iliyovunjwa
mwaka ule bandari ilipopunguza watu.
Raskazone, mgahawa wa Mhispania,
Rosario kwa jina, wahudumu humwita Mama Rozari,
naye huitika.

Kiluwa aliishika orodha kwa mbali,
miwani kaisahau makusudi.
"Tapasi," akasoma. "Ndiyo nini, mwanangu?"
Kijana wa Muheza akainama kwa adabu:
"Ni vionjo, mama. Vidogo vidogo. Mnashirikiana.
Na jiko letu halina nguruwe."
"Vionjo!" akasema Mwanahawa.
"Yaani tumevaa hivi, tumekuja kuonja?"

Vikaja. Zeituni kumi na mbili: nilizihesabu,
sote tulizihesabu.
Mkate uliopakwa nyanya kama mtoto apakwavyo mafuta.
Mayai na viazi vilivyoshikamana, vikakatwa pembe,
tukasema hii ni chipsi mayai iliyokwenda shule.
Halafu pweza.
Kalala juu ya kibao, kanyunyiziwa unga mwekundu,
vipande saba kwa bei ya sufuria zima
pale Barabara ya Kumi na Mbili.
Shemsa akamwinamia: "Nawe, jirani,
ulipita uhamiaji?"
Tukacheka hadi meza ya pili wakatugeukia.

Sisi tumelelewa kwenye sinia.
Bega kwa bega, kila mtu na upande wake,
na mkono wa bibi ukikusogezea mnofu kimyakimya
bila kukutaja jina.
Kwenye sinia hakuna ajuaye nani kala ngapi.
Hapa kila kisahani kina bei yake,
imeandikwa, ina nukta na sifuri zake.

Ndiyo maana nilimwona Semeni.
Zeituni moja. Kokwa akaizungusha mdomoni
muda mrefu kuliko alivyoitafuna zeituni yenyewe.
Maji. Tena maji.
"Mie nimekula nyumbani,"
na kidole chake kikishuka taratibu
kwenye ile safu ya tarakimu, kuliani mwa karatasi.
Kiwanda cha kamba kilimwachisha mwezi wa tatu.
Sisi alituambia yuko likizo.

Semeni, mfungaji wetu.
Aliyekuwa akisimama chini ya goli kama mtu aliyesahauliwa,
kisha mpira ukimfikia, basi.

Mwisho zikaletwa katlesi za samaki,
za mviringo, zenye jina refu la kwao,
zimeiva rangi ya mpira wetu wa zamani.
Sita. Kiluwa, hana haya, akala mbili.
Ikabaki moja.
Ikabaki.
Na kipande cha mwisho, wapwani mnajua, kina macho.

Shemsa akakisukuma kisahani kwa Mwanahawa,
Mwanahawa kwangu, mimi kwa Kiluwa,
Kiluwa kwangu tena, upesi,
sijui nani alianza kuhesabu,
"Moja... mbili..."
maana mpira haukai mkononi zaidi ya sekunde tatu
na mikono yetu ilikuwa bado inajua.
Kisahani kikapita juu ya glasi,
kikakwepa chupa ya siki,
kikafika kwa Semeni
kama ilivyomfikia mipira yote, miaka yote ile.

Kijana akaleta bili.
"Niwagawie, mama? Nani kala nini?"
Mwanahawa, mtunza hazina wa timu iliyokufa,
akaichukua ile karatasi akaikalia.
"Andika sinia moja."

Hatukumtazama Semeni.
Tulizungumzia bei ya sukari,
goti la Shemsa, mvua iliyokataa kunyesha Pongwe.
Alikuwa kaishika katlesi,
moja, mbili, tatu,
nne,
akaila polepole, chembe zikimdondokea kwenye kitenge,
wala filimbi haikulia.

Akafuta vidole.
"Mwanangu," akamwita yule wa Muheza,
"hizi za samaki zimebaki?"

Mwanahawa akajiweka sawa juu ya bili.