Yasiyoandikwa Kwenye Kumbukumbu

Mimi ndiye niliyeshika kalamu usiku ule
katika shule ya Vale de Urzes, shule isiyo na mtoto.
Tulikalia viti vya darasa la kwanza, magoti yakigusa videvu,
na jiko la kuni likitoa moshi kuliko joto.

Nimeandika: waliohudhuria, kumi na tisa.
Sikuandika kwamba wa Souto Frio walikaa upande wa dirisha,
sisi upande wa ubao,
na katikati njia ya kupita ng'ombe wawili.
Mfereji wa maji, unaorukwa kwa hatua moja,
ulitutenga tangu babu zetu walipotishiana kwa majembe.

Bwana Valdemar alitoka mjini na fomu, viatu vimelowa theluji.
Fedha ipo, akasema, lakini haiji kwa kijiji kimoja.
Inataka mikono iliyoshikana:
wakulima, wenye maduka, halmashauri, kanisa, wachungaji,
na mtakaoamua ni ninyi wenyewe.
"Wenyewe?" akauliza Belmiro wa kondoo,
kama mtu aliyeambiwa achague hali ya hewa.

Maana sisi tumezoea kuletewa.
Tuliletewa taa za barabarani, zikamulika nyumba zilizofungwa.
Tuliletewa kibao cha watalii, kikawaelekeza korongoni.
Tuliletewa chumba cha kompyuta;
sasa kinatunza viazi,
na viazi, tuseme kweli, havijalalamika.

Ndipo Zulmira akainuka, ufunguo wa tanuri shingoni.
"Tanuri la kijiji halijawaka tangu nimzike mume wangu.
Paa limelala chini. Mimi nataka mkate.
Huu unaoletwa na gari Jumanne
unafika umechoka kunishinda."
Kicheko kilivuka ile njia ya ng'ombe
kabla ya mtu yeyote.

Adérito wa Souto Frio hakucheka.
Alisema akitazama dirisha:
"Tanuri lenu halikuwahi kuwaka bila kuni zetu."
Alilisema kama tusi.
Nikaliandika kama ahadi.

Mwisho wa kikao nikasoma kwa sauti, kama ilivyo desturi:
*Souto Frio watatoa kuni.*
Kimya. Jiko likakohoa.
Aliniangalia muda mrefu, yule mzee,
nikahesabu vifungo vya koti lake, vitano, kimoja cha rangi nyingine.
Kisha akaomba kalamu.

Fomu iliuliza: wanufaika ni wangapi?
Tukahesabu walio hai. Tukaongeza walioko Lyon,
wanaorudi Agosti na watoto wasiojua majina ya mawe yetu.
Zulmira akataka na marehemu wahesabiwe,
kwani wao ndio waliojenga.
Bwana Valdemar akasema kisanduku ni kidogo.

Usidhani yalikwenda kama maji mteremkoni.
Paa lilichukua miezi kumi na minne.
Tuligombana juu ya vigae, juu ya risiti,
juu ya nani anakaa karibu na muhuri.
Wawili walijitoa. Mmoja alirudi, akijifanya amepita tu.
Padre alitaka tanuri liitwe jina la mtakatifu;
tukapiga kura, mtakatifu akashindwa kwa kura tatu.

Sasa ni Alhamisi, na harufu inashuka bondeni
bila kuuliza mpaka uko wapi.
Hermínia, aliyeacha kazi ya hoteli Lyon,
anapeleka mikate sokoni kwa gari la Belmiro,
kondoo mmoja akiwa nyuma, kwa kuwa Belmiro ni Belmiro.

Adérito bado hanisalimii.
Ila kila Jumatano usiku mtu huacha kuni mlangoni,
zimepasuliwa nyembamba,
kazi ya mtu anayejua tanuri linavyokula.

Na mfereji?
Upo kwenye ajenda, kipengele cha saba.
Hatujawahi kufika cha saba.
Mkate huiva tukiwa kwenye cha tano.