Pindo

Studio yangu ipo River Road, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la misumari na mabati.
Ukutani trei za mayai, na blanketi la hospitali
ambalo sisemi nililitoa wapi.

Alhamisi akaja Syombua, mkoba kifuani.
"Ule wimbo wetu," akasema, "mtoe Masila."
Nikabofya. Masila akanyamaza,
Syombua akabaki peke yake na gitaa.
Akatega sikio. "Ameenda?"

Hajaenda, mama. Nimemfunika tu.
Kompyuta hii haikati, inakunja.
Mamangu alishona sare za shule Gikomba;
sketi ya darasa la nne aliiachia pindo la vidole vitano:
mtoto akirefuka, fumua, piga pasi,
kitambaa kiko palepale, hakijaonja makasi.
Ndivyo ninavyohariri. Nikikosea, narudi nyuma
hatua arobaini, hadi asubuhi ile mlipoingia mkicheka.

"Mimi sitaki pindo," akasema. "Nataka makasi."

Ipo njia hiyo. Ndiyo niliyofunzwa,
enzi ya mashine moja na diski iliyofura:
ulichokata umekata, ukihifadhi umezika,
maji yamemwagika na mchanga umeyanywa.
Hivyo nilikifuta kikohozi cha mpiga filimbi wa Mwingi
na pamoja nacho, kwa haraka yangu,
pumzi aliyoivuta kabla ya noti ya kwanza.
Wimbo ukaanza kama mtu aliyesukumwa mlangoni.

Basi kabla ya kukata nikamwekea Masila pekee.
Hapo tukamsikia Syombua mwenyewe,
kwa mbali, kama jirani nyuma ya ukuta,
akicheka pale Masila aliposahau ubeti wa pili.
Siku ile chumba kilikuwa kimoja,
na maiki hazina adabu, husikia hata yasiyozihusu.

Kicheko hicho hakiko kwingine, nikamwambia.
Huko chini mtu alikuwa akipimiwa misumari kwa kilo,
ikimiminika kwenye karai.

Akairudia mara tatu.
Ya nne akavua hedifoni.
"Kata."

Nikakata. Nikahifadhi juu ya ile ya zamani.
Kioo kikauliza: una hakika?
Akajibu yeye, kwa kidole chake.

Alilipa elfu mbili, akashuka ngazi
bila kushika ukuta, ingawa taa ya pale iliungua tangu Pasaka.

Nikabaki na wimbo wake, msafi,
nikapandisha sauti hadi mwisho, kama desturi yangu,
kutafuta mikwaruzo ya chini.
Na chini ya neno lake la kwanza,
ndani ya maiki yake yeye,
nikamsikia Masila, mdogo kama mbu,
akimhesabia: moja, mbili, tatu, sasa.

Namba yake ninayo.
Sijampigia.