Paa la Theluji

Kituo cha Arroyo Tordo kilichorwa Glasgow
na mtu ambaye hakuwahi kuuona uwanda huu.
Mchoro ukapanda meli pamoja na nguzo za chuma,
nguzo na parafujo zake, kila moja na namba yake,
na paa likaja limeinama nyuzi hamsini na mbili
ili theluji iteleze.

Huku hakuna theluji.
Kuna upepo, kuna kondoo, na jua la Januari
linalokaanga mabati mpaka yanalia ta, ta, ta,
kama bisi sufuriani.

Niko juu ya ngazi na utepe wangu wa kupimia.
Halmashauri inataka kujua kilichobaki
kabla haijaamua: ghala la ngano, au ukumbi wa harusi.
Chini, Zulma Bidegain ameshika funguo nane.
Milango ni mitano.
"Hizi tatu ni za milango iliyouzwa," ananiambia,
na kuzitupa hazitupi.

Basi naandika.
Mlango wa daraja la kwanza: mwaloni, kitasa cha shaba.
Mlango wa daraja la pili: msonobari
uliopakwa rangi ufanane na mwaloni.
Yote miwili inatokea jukwaa lile lile,
kwenye moshi ule ule.
Dirisha la tiketi: marumaru, imebonyea milimita sita.
Haikubonyezwa na fundi. Ni viwiko, ni sarafu,
ni vidole vya wakata manyoya wakihesabu mara mbili.
Jukwaa: mita mia moja na arobaini.
Barabara kuu ya kijiji: mita tisini.
Ng'ombe walipewa nafasi kuliko watu.
Saa: haipo. Limebaki duara jeupe ukutani
na njiwa kwenye tundu la mhimili.

Baba yake Zulma, Eleuterio, alikuwa mkuu wa kituo.
Treni ya mwisho ilipopita alivua kofia,
akairudisha kichwani,
akaingia ofisini, akafungua daftari.
Zulma ananionyesha. Wino wa bluu, herufi wima:
*Treni namba 14. Haikufika.*
*Treni namba 14. Haikufika.*
Miaka tisa. Mwaka wa nne reli ziling'olewa,
zikauzwa kwa kilo, naye hakuruka hata Jumapili.
"Mama alisema amerukwa na akili.
Mimi nilikuwa nampelekea kahawa."

Nafunua, nafunua, macho yameshazoea,
ndipo nakuta:
*Julai 17. Treni namba 14. Haikufika.*
*Theluji, kidogo, saa kumi na moja alfajiri.*
*Paa limefanya kazi.*

"Mvua ya mawe," anasema Zulma.
"Ilivunja vioo vya majirani. Nilikuwepo."
Anasema kwa kunong'ona,
kana kwamba kuna mtu anaandika chumba cha pili.

Napanda tena ngazi. Fomu ya halmashauri
ina safu ya mwinamo, na safu ya matumizi.
Nyuzi hamsini na mbili, naandika.
Theluji.