Kifungo

Feliti haifumwi. Ni sufi iliyosuguliwa
kwa maji moto na sabuni mpaka ikashikana,
ukiikata popote haichuruziki nyuzi.
Ndiyo maana naipenda kwa kazi za watoto:
haidai kupindwa ukingo,
inaukubali mkasi kama ulivyopita.

Sebuleni kwangu Ibra, chini ya kiyoyozi kinachokohoa,
nina makopo ya maziwa yaliyojaa rangi:
zafarani, zambarau, kijani cha mdimu,
na buluu tatu, maana maji ya falaji
si buluu ya mbingu, wala si ya mlango wa jirani.

Chekechea ya Mwalimu Ghaniya waliniagiza shamba.
Nikawakatia shamba la hapa hapa:
mitende sita, kila mmoja na vishada vyake
vya kubandua, kuhesabu, kubandika;
mbuzi wawili, mmoja masikio yamepishana
(nilikuwa naongea na simu);
punda, ngazi, nyumba nne rangi ya biskuti,
na falaji yenyewe, utepe mrefu wa buluu
na vijiwe vya kijivu vya kuziba na kuzibua,
wajue maji yana zamu,
saa hii kwako, saa ijayo kwa mwenzio.
Hesabu imo, na adabu imo.
Nilijiona fundi.

Muzna alikuwa wa mwisho kugusa.
Miaka mitano, nywele kachaniwa na bibi yake.
Tangu siku wadi iliposhuka
hajasema darasani, si Kiarabu cha mwalimu
si Kiswahili cha nyumbani kwao.
Akauchukua utepe, akaung'oa mferejini,
akaulaza juu ya nyumba zote nne,
juu ya punda, juu ya mbuzi wa masikio,
akaupigapiga kwa kiganja, polepole,
kama anayebembeleza kichanga.

Mwalimu akanitazama.
Mimi nikatazama kidole changu kilichochomwa sindano.

Kesho yake vilevile. Jumanne vilevile.
Wenzake walikuja kudai zamu yao ya maji,
wakarudi na mitende mikavu, wananung'unika.

Usiku nikashona gari. Jeupe.
Sikujua kama ni dawa au ni ukatili,
na hapakuwa na wa kumuuliza saa nane za usiku
ila cherehani, nayo ilikuwa kimya, kazi hii ni ya mkono.
Madirisha nikayadarizi kwa uzi mweusi,
matairi nikayajaza pamba,
milango nikaichora kwa mshono tu, mishono midogo
iliyonyooka. Nikaisifu.

Aliligeuza gari mbele, nyuma, tumboni.
Akapitisha ukucha juu ya mshono wangu ulionyooka.
Akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti
iliyokauka kwa kutotumika:
"Mlango haufunguki."

Nililirudisha nyumbani kwenye mkoba
na sikumbuki njia niliyopita.
Nikafumua. Nikakata milango minne ya kweli,
kila mmoja na kifungo cha kubana.
Kifungo: neno moja, la shati na la jela.
Nikashona na watu, wafupi kama vidole:
mtoto, mtoto, mama, na baba mwenye kofia.

Alifungua: tak. Akamtoa mmoja. Akafunga.
Alifungua: tak.
Buluu aliiacha palepale juu ya nyumba,
hakuiondoa siku hiyo, wala wiki hiyo,
lakini gari liliposimama juu yake
milango yote minne ilikuwa wazi, imekaa
kama masikio ya yule mbuzi.
Baba alimtoa wa mwisho. Kofia ikabaki ndani.

Sasa shule mbili zaidi zimeagiza magari.
Wanasema yanafundisha vidole kushika kalamu.
Nawaambia ndiyo.
Kila kifungo nakijaribu kwa kidole changu cha mwisho,
kile kidogo, kisicho na nguvu.
Kikikataa kufunguka,
nafumua.