Soksi ya Sufu

Saa kumi na moja jioni, karakana ya viatu, Zlín.
Bohdana anafuta gundi vidoleni,
anapiga goti chini ya meza ya kukatia ngozi
kwenye kisanduku cheusi chenye mdomo mpana
na tundu la ufunguo mithili ya kasha la posta.

Robo duara. Anangoja taa itulie.
Mtambo hauzimwi. Uko kazini,
unachora kisigino cha mwanamke wa Vizovice,
na huku ubavuni unang'olewa kiungo
wala haushtuki.
Diski inateleza nje na trei yake,
vuguvugu, kama yai lililotagwa sasa hivi.

Anaivisha soksi ya sufu, ya marehemu mumewe.
Ni moja tu; ya pili sijui iliko.
Kisha mkobani, kisha basi la umeme, kisha kabatini kwake,
na kesho yake inarudi, zamu ya nyingine.

Hatuhifadhi fedha humo, wala siri za serikali.
Ni miguu.
Miguu elfu nne mia mbili na kumi na mmoja,
hesabu ni witiri, na sababu nitaisema.
Nyayo bapa, vifundo vilivyovunjika vikaungwa vibaya,
kidole gumba kilichoasi njia.
Kila mmoja umepigwa mwanga pande zote
ili tuuchongee kalibu yake.

Mwezi wa Machi mtambo ulikufa.
Haukupiga kelele: ulitoa mlio mdogo tu
wa mtu anayebangua mbegu ya alizeti.
Radim akacheka. "Akiba ipo," akasema,
akachomeka Alhamisi.

Taa ya kijani. Ndani, tupu.

Jumatano, tupu vilevile:
trei haikusukumwa hadi mwisho,
upana wa ukucha ulibaki,
na kwa wiki kumi na tisa Bohdana alipanda basi
akiisindikiza hewa ndani ya soksi.
Jumanne ikasoma majina hadi herufi M, ikaguna, ikanyamaza.
Jumatatu sitaki kuizungumzia.

Husemwa akiba haiozi.
Huoza.
Huoza kimyakimya, taa ya kijani usoni,
na wewe unapita kila siku unaisalimu.

Ikabaki Ijumaa, ile inayolala kwa mama yake mlimani,
shimoni, kati ya viazi.
Radim aliifuata kwa basi la mwisho, akarudi usiku,
kola yake inanuka udongo.
Ufunguo. Robo duara. Hakuna aliyekaa.
Ikaanza kuunguruma,
na miguu ikajitokeza kwenye kioo, ya kijivu, mmoja mmoja,
kama wageni wanaovua viatu mlangoni.

Wiki iliyofuata alikuja Bwana Vavřinec Šustala
kwa magongo. Kisukari kilikuwa kimemla
mguu wa kushoto, Januari, hospitali ya Brno.
Alitaka kiatu kitakachouvika mguu wa bandia
bila watu kugeuza shingo.
Tukampima wa kulia, ndio huo witiri.
Kisha Bohdana akaufungua ule wa kushoto
wa miaka miwili nyuma.

Ulikuwepo. Kidole cha mwisho kimempanda jirani yake.
Mzee akainama, akaunyooshea kidole
kama mtu anayemtambua binamu pichani.
"Huo," akasema, "ndio uliokuwa ukinitabiria mvua."
Akaomba tuuzungushe. Tukauzungusha.
Akaomba tena.

Siku hizi, kabla ya ufunguo, tunachota mguu mmoja,
wowote, kutoka kwenye diski ya siku hiyo,
tunaufungua, Radim anasoma jina kwa sauti.
Ni dakika mbili. Mteja akiwepo hungoja.

Jana bahati ilimwangukia Šustala, kushoto.
Ulifunguka.
Bohdana akaangalia kidogo zaidi ya ilivyo lazima,
akaitoa trei,
akatafuta soksi.